Kituo cha kura hakifungwi siku ya kura, hufungwa kabla yake: dhana potofu na ukweli kuhusu vituo na makarani Marekani

Marekani haina tume moja inayopanga vituo nchi nzima. Kituo kipi kifunguliwe na kipi kifungwe huamuliwa na kaunti, na katika majimbo kama Wisconsin na Michigan huamuliwa na mji wenyewe. Ndiyo maana jambo lililo kweli kwa jirani huenda si kweli kwako, na uvumi hupata pa kujificha.

Dhana: Kituo kikifungwa, amri imetoka Washington.

Amri hutoka kwenye kikao cha jirani, mara nyingi chenye watu wachache na viti vitupu. Zamani Washington ilikuwa na turufu moja: chini ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, maeneo yenye historia ya ubaguzi yalilazimika kuomba kibali kabla ya kuhamisha hata kituo kimoja. Juni 2013, katika kesi ya Shelby County dhidi ya Holder, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kanuni iliyoyataja maeneo hayo, na sharti la kibali likabaki bila wa kulitimiza. Tangu hapo, onyo la kwanza kwa mwananchi ni ajenda ya bodi ya uchaguzi au tangazo dogo la kisheria gazetini. Isome ajenda ukitafuta maneno “kuunganisha vituo”, “kuhamisha” na “kubadilisha mipaka”. Neno “kufunga” ni nadra kuandikwa.

Kuwahi ndiko kunakookoa. Tangu kesi ya Purcell ya 2006, mahakama za shirikisho husita kubadili taratibu uchaguzi ukiwa umekaribia. Mwenye hoja nzuri wiki mbili kabla ya kura huenda akaambiwa amechelewa.

Dhana: Jengo lisiloingilika kwa kiti cha magurudumu halina budi kufungwa.

Hii ndiyo sababu iliyotolewa mwaka 2018 katika kaunti ya Randolph, Georgia, ilipopendekezwa kufunga vituo 7 kati ya 9. Wakazi walijaa vikaoni, na Agosti mwaka huohuo bodi ikalikataa pendekezo.

Sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inataka kituo kiingilike, haisemi kifungwe. Vikwazo vingi huondolewa kwa vifaa vya siku moja. Chukua futi ya kupimia uende mlangoni. Ufungue mlango hadi nyuzi 90, kisha upime kutoka uso wa mlango hadi ukingo wa fremu upande wa pili: inatakiwa inchi 32, yaani karibu sentimita 81. Wengi hupima fremu yenyewe, wanasahau kwamba unene wa mlango unakula nafasi. Ngazi moja yenye kimo cha inchi 6 inahitaji mbao ya kupandia yenye urefu wa futi 6, maana mteremko hauruhusiwi kuzidi 1 kwa 12. Maegesho ya gari lenye kishushio cha kiti cha magurudumu hutengwa kwa koni za plastiki. Mlango mzito unaachwa wazi kwa kigingi au unawekewa kengele na mtu wa kuufungua. Ikiwa jengo kweli halirekebishiki, tafuta jingine la karibu.

Dhana: Vituo vichache vikubwa hufanya kazi ileile ya vituo vingi vidogo.

Kaunti ya Maricopa, Arizona, ilitoka vituo zaidi ya 200 mwaka 2012 hadi 60 katika kura ya mchujo ya Machi 2016. Mtu aliruhusiwa kwenda kituo chochote kati ya hivyo 60, na bado foleni ziliendelea hadi usiku wa manane.

Hesabu yake si ngumu. Karani mmoja akitumia dakika 2 kumtafuta mtu daftarini, anapitisha watu 30 kwa saa. Wakija 80 kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi kwa meza moja, 50 wanabaki nje, na wa saa inayofuata wanajipanga nyuma yao. Kuongeza vibanda vya kupigia kura hapo hakusaidii kitu, kwa kuwa kinachobana ni meza ya daftari. Simama mlangoni uone foleni inakatikia wapi kabla ya kuagiza vifaa. Tume ya rais iliyotoa ripoti Januari 2014 ilisema hakuna anayepaswa kungoja zaidi ya dakika 30.

Dhana: Makarani wapo wa kutosha, na ni waajiriwa wa serikali.

Ni watu wa kawaida wanaolipwa posho ya siku na kupewa mafunzo ya saa chache, na wengi ni wazee. Aprili 2020, janga la korona lilipowatisha, Milwaukee ilifungua vituo 5 badala ya takriban 180. Majengo yalikuwepo, watu ndio waliokosekana.

Majimbo mengi hukubali wanafunzi wa miaka 16 au 17, na mengi hutaka vyama vikubwa viwili viwakilishwe, hivyo orodha iliyojaa upande mmoja bado ina pengo. Kosa la kawaida la ofisi ni kukusanya majina kisha kukaa kimya: aliyejaza fomu na kungoja miezi bila jibu ameshapanga mambo mengine. Mpigie ndani ya wiki, mwambie ukweli kwamba siku inaanza kabla ya mapambazuko na huweza kupita saa 14, na pale sheria inaporuhusu mpe nusu zamu. Weka wa akiba pia. Asubuhi ile lazima atakosekana mtu, na mara nyingi ni yule mwenye funguo.

Dhana: Saa ya kufunga ikigonga, aliye kwenye foleni arudi nyumbani.

Aliyefika kabla ya saa hiyo anapiga kura. Karani husimama nyuma ya mtu wa mwisho kuweka mpaka.

Dhana: Kituo kikihama, kura ya muda inatatua kila kitu.

Sheria ya shirikisho ya 2002 inampa asiyeonekana daftarini haki ya kura ya muda, inayohakikiwa baadaye. Lakini yapo majimbo yanayoitupa yote ikiwa imepigwa kituo kisicho chake. Kwa hiyo karani huangalia kwanza anwani, anamwonyesha mtu kituo chake, na kura ya muda inakuja baada ya hapo. Kwenye mlango wa kituo cha zamani hubandikwa karatasi yenye anwani mpya na ramani, kwa herufi zinazosomeka kutoka ndani ya gari. Ibandikwe jana yake, kwa gundi inayostahimili mvua.