Mapambano ya Wachezaji Katika Guild Wars 2: Hesabu Kwanza, Ngumi Baadaye

Vijana wengi wanaoniomba niwafundishe kupambana na wachezaji wenzao katika Guild Wars 2 huanza na swali moja: ni mhusika yupi anayeua haraka zaidi. Naelewa swali hilo linatoka wapi, kwa kuwa wengi wao wamekulia kwenye vibanda vya gemu vya Manzese au Mbagala, ambako pambano ni la watu wawili na anayebaki amesimama ndiye mshindi. Mechi ya kawaida ya gemu hii haina mshindi wa namna hiyo. Ni ya watano kwa watano, ina vituo vitatu vya kuteka, kila kimoja kikiwa na duara lake ardhini, na ushindi ni wa timu inayotangulia kufikisha alama 500, au inayoongoza dakika 15 zinapokwisha.

Huwa naipendekeza gemu hii kwa wageni kwa sababu ya mpangilio wake. Ilitoka mwaka 2012, na tangu mwaka 2015 sehemu yake ya msingi huchezwa bila malipo. Ukiingia katika uwanja wa mapambano, mhusika wako hupandishwa papo hapo hadi ngazi ya 80, na mavazi uliyoyahangaikia huko maporini na mapangoni hayahesabiwi. Badala yake unachagua hirizi moja inayoamua utakuwa na nguvu ya kupiga kiasi gani na uhai kiasi gani. Mgeni na mkongwe huchagua katika hirizi zilezile. Usawa huo si kamili, kwa sababu nyongeza zinazouzwa hufungua matawi mapya kwa kila fani, yaani aina ya mhusika, na baadhi ya matawi hayo kwa kweli yana makali zaidi, lakini pengo hilo halimwangushi mgeni kama kutojua hesabu kunavyomwangusha.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila kituo mnachokishikilia huwapa alama 1 kila baada ya sekunde 2, na kumuua adui huwapa alama 5, maana yake kifo kimoja kina thamani ya sekunde 10 za kushika kituo. Timu inayoshika vituo viwili mfululizo hupata alama moja kila sekunde na inaweza kufika 500 kwa dakika nane na ushee bila kuua mtu hata mmoja, ilhali timu isiyoshika chochote italazimika kuua mara 100. Mgeni anayemfukuza adui aliyebakiwa na uhai kidogo, akapoteza nusu dakika nyuma ya miamba huku duara aliloliacha likitekwa, amewaachia wapinzani alama 15 kwa tamaa ya 5, na hizo 5 zenyewe mara nyingi hazipati, kwa sababu anayekimbia hukimbilia kwa wenzake. Kuua kuna faida, tena kubwa, ila faida yake hasa ni muda: aliyekufa hufufukia kambini na kulazimika kurudi kwa miguu, na wakati wote huo ninyi ni watano dhidi ya wanne. Msipoteka vituo kwa dakika hiyo, mmeua bure.

Jambo ninalolirudia zaidi ni kanuni ya duara. Kituo hakibadilishi mmiliki maadamu watu wa pande zote mbili wamesimama ndani ya duara lake. Chukua uwanja wa Forest of Niflhel, wenye vituo vya Henge, Mine na Keep. Tuseme timu yako imekwisha kuteka Henge, nawe umebaki hapo peke yako, mara wanatokea maadui wawili. Silika ya mgeni ni kujaribu kumuua mmoja wao au kutimka. Mwenye uzoefu hubaki ndani ya duara, akizunguka nguzo, akikwepa pigo zito na kujitibu, bila haraka ya kumdhuru yeyote, kama beki anayemsukumia mshambuliaji pembeni mwa uwanja akijua kwamba wenzake wanarudi. Kila sekunde anayobaki hai, kituo kinaendelea kuhesabu alama zake, na kule kwingine wenzake wanne wanapambana na watatu. Akidumu sekunde 40 kisha akafa, kwa kawaida timu yake imepata faida. Wakija watatu, hesabu hubadilika, kwa sababu hutadumu. Ondoka mapema, uhai ukiwa bado mwingi, uwafuate wenzako. Zingatia pia kwamba mchezaji aliyejificha asionekane, au aliyetumia mbinu ya kutodhurika, hahesabiwi kuwa yumo ndani ya duara. Nimeona watu wakipoteza kituo huku wakijipongeza kwamba hakuna aliyewagusa.

Kwetu Dar es Salaam kuna jambo jingine ambalo maelekezo ya Wazungu hayaligusi. Seva za Ulaya za gemu hii ziko Frankfurt, Ujerumani, takriban kilomita 7,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata kama waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 70. Nao mkongo haunyooki, kwa kuwa hufuata bahari. Kwa sababu hiyo pingi, yaani muda wa amri yako kwenda na jibu kurudi kwa milisekunde, itazidi 100, utake usitake, na hakuna kifurushi cha intaneti kitakachoifuta fizikia. Unachoweza kukidhibiti ni utulivu wake. Pingi ya 170 isiyotikisika inachezeka vizuri kuliko ile inayoruka kati ya 120 na 400, kwa hiyo unganisha kompyuta kwa waya badala ya Wi-Fi ukiweza, na kama unatumia bando la simu, zima masasisho yote yanayopakuliwa kimyakimya.

Ucheleweshaji huo unaathiri zaidi ukwepaji, ambao ndio roho ya gemu hii. Unayo pumzi ya 100, kila mkwepo hula 50, na pumzi hurejea kwa 5 kila sekunde, maana yake ukikwepa mara mbili mfululizo utakaa sekunde 10 bila kinga. Mkwepo wenyewe hukulinda kwa robo tatu ya sekunde tu. Warrior, mhusika wa fani ya askari, mwenye nyundo anaporuka hewani ili aitue ardhini na kukupumbaza, yaani kukufanya usiweze kutenda lolote kwa muda, wewe unaliona tukio likiwa limechelewa, na amri yako ya kukwepa nayo inachelewa kufika. Kwepa anapoanza kuinuka, usingoje ashuke. Pigo dogo lipokee tu. Mkwepo ni wa lile unalojua litakuumiza.

Ndiyo maana simshauri mgeni wa hapa aanze na fani ya Thief (mwizi), ambaye uhai wake ni mdogo na kila kosa lake la muda huadhibiwa. Necromancer (mchawi wa wafu) anafaa zaidi: ana uhai mwingi, na akijigeuza kivuli hupata akiba ya pili inayopokea mapigo badala ya uhai wake. Hana miguu ya kukimbilia, lakini kwa mtu anayejifunza kukaa ndani ya duara hilo ni afadhali. Vyovyote utakavyochagua, beba angalau mbinu moja ya kujinasua unapopumbazwa.

Rekebisha kibodi kabla ya mechi ya kwanza. Gemu huja na vitufe vya A na D vikiwa vya kugeuza mwili, jambo linalokufanya uzunguke polepole. Vipe kazi ya kwenda kando, geuka kwa kipanya, kisha Q na E zilizobaki wazi uzipe tiba na kujinasua.

Mechi za daraja, zinazokupandisha au kukushusha katika orodha ya wachezaji, hufunguka ukifikisha cheo cha 20 cha mapambano. Hadi hapo cheza zile za kawaida, na ufanye hivyo kuanzia saa tatu usiku, kwa sababu Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili kutegemea msimu, na ndipo wenzetu wa Ulaya wanapokuwa wamekwisha rudi nyumbani. Ukiingia asubuhi utangoja mechi muda mrefu na kupangwa na wakongwe, kwa vile walio mtandaoni ni wachache.