Entebbe hadi Arua si safari ya nusu saa

Jumatatu mzee mmoja alifika dirishani kwangu kukata tiketi akiwa ameshapanga kikao Arua saa nne na nusu asubuhi, ilhali ndege yake ilikuwa iondoke Entebbe saa tatu na nusu. Alinigeuzia simu nisome mwenyewe: kilomita 373, dakika 28. Alikuwa wa tatu mwezi huu, na kila mara ni mteja anayeumia.

Umbali ule ni sahihi. Kosa ni kuugawanya kwa kilomita 800 kwa saa, ambao ni mwendo wa jeti kubwa ikiwa imeshatulia juu angani, wakati ndege ndogo ya pangaboi kama Cessna Caravan, ambayo ndiyo hutumika sana katika safari za humu nchini Uganda, huenda kilomita 300 na ushei kwa saa. Kwa mwendo huo, angani peke yake ni saa moja na dakika kumi hivi. Tena ndege ikiruka kwa njia ya kurukia namba 17 pale Entebbe huondoka imeelekea kusini, hivyo abiria wa Arua, ambayo iko kaskazini-magharibi, huona kwanza maji ya ziwa chini yake, kisha bawa linainama ndipo safari yenyewe inaanza. Kuna pia kutembea ardhini, kupanda taratibu, kukwepa mawingu ya radi na kuzunguka kabla ya kutua. Mimi huwashauri wateja wahesabu saa moja na nusu tangu mlango kufungwa hadi kufunguliwa, na waulize kama ndege itapitia kiwanja kingine njiani, kwa sababu kituo kimoja tu huvuruga hesabu yote. Mzee alipiga simu palepale, kikao kikasogezwa hadi saa saba.

Wengine hukadiria umbali wa anga kwa barabara. Gulu na Arua zimetengana kwa takriban kilomita 150 angani, lakini gari hupita zaidi ya kilomita 200, kwa kuwa barabara hulazimika kulifuata daraja la Pakwach ili kuvuka Nile.

Kwenda na kurudi navyo si lazima vilingane: upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiikabili ndege wakati wa kwenda na kuisukuma wakati wa kurudi, safari hizo mbili za Arua hutofautiana kwa zaidi ya robo saa. Na rubani akisema safari hiyo ni maili 200 hivi, maili zake ni za baharini, kila moja mita 1,852, wala si maili za barabarani.

Jingine ni saa ya tiketi. 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi jioni. Na kwa kuwa viwanja vingi vya mikoani hutumika mchana tu, anayekuja jioni huenda akalazimika kusubiri hadi kesho yake.