Plazmoni ya uso: mwanga ukibanwa, lazima upungue

Plazmoni ya uso ni wimbi linalosafiri pale metali inapopakana na kitu kisichopitisha umeme, kama hewa, maji au kioo. Wimbi hilo lina pande mbili zisizoachana. Nje ya metali kuna uga wa umeme wa mwanga. Ndani yake kuna elektroni huru zinazoyumba kwa pamoja zikiufuata uga huo. Ukiondoa mwanga, elektroni hazina cha kuziyumbisha. Ukiondoa elektroni, mwanga unajiendea zake. Ndiyo sababu jina lake kamili ni plazmoni-polaritoni ya uso, neno polaritoni likitaja mwanga uliofungamana na maada hadi huwezi kusema hapa unaishia mmoja na hapa unaanza mwingine.

Kila manufaa ya plazmoni yanatokana na elektroni kubeba sehemu ya nishati ya mwanga, na kila hasara yake inatoka papo hapo. Elektroni zinazoyumba hugongana na atomi zinazotetemeka na kasoro za fuwele, na nishati inageuka kuwa joto. Anayesoma habari za kifaa cha plazmoni bila kuuliza kinapoteza kiasi gani cha mwanga, amesoma nusu tu.

Kwa nini basi watu wahangaike na wimbi linalojimaliza lenyewe? Kwa sababu ya ukubwa. Lenzi haiwezi kuukusanya mwanga kwenye doa dogo kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake. Mwanga wa kijani wa nanomita 500 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hata kwa lenzi bora ya hadubini inayotumia mafuta, huishia doa la karibu nanomita 180. Molekuli ya rangi ina upana wa nanomita 1 hivi. Sehemu kubwa ya mwanga huipita molekuli bila hata kuihisi. Plazmoni huushusha mwanga hadi kipimo kinachokaribia cha molekuli.

Si metali yoyote, wala rangi yoyote ya mwanga. Inatakiwa elektroni ziitikie uga kinyumenyume, yaani metali iwe na kiwango hasi cha mwitiko wa umeme kwa rangi hiyo. Dhahabu inafaa kwa mwanga mwekundu na infraredi, lakini chini ya takriban nanomita 500 elektroni zake za ndani zaidi huanza kunyonya mwanga, na hiyo ndiyo sababu ile ile inayoifanya dhahabu ionekane ya njano. Fedha inafaa kwa mwanga wote unaoonekana na hasara yake ni ndogo zaidi, ila huchafuka kwa salfa iliyomo hewani. Alumini hufika mpaka kwenye urujuanimno.

Tuchukue mfano wenye tarakimu: leza ya heli na neoni, nanomita 633, juu ya dhahabu iliyo hewani. Urefu wa wimbi la plazmoni unakuwa karibu nanomita 605, mfupi kuliko wa mwanga wenyewe. Uga wake unazama nanomita 28 hivi ndani ya dhahabu na kuenea nanomita 330 hivi hewani kabla ya kufifia. Wimbi hutambaa karibu maikromita 10 tu, kisha nguvu yake imeshuka hadi theluthi moja na ushei. Maikromita 10 ni kidogo sana kuliko upana wa unywele. Hapo ndipo ilipo gharama ya kubana.

Hiyo tofauti ya 633 na 605 inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayowakwamisha wanaoanza. Mwanga unapouangukia uso kwa mshazari, vilele vya mawimbi yake hugusa uso kwa nafasi fulani. Ukitoka hewani, nafasi hiyo haiwezi kupungua chini ya nanomita 633 hata uinamishe leza kiasi gani. Plazmoni inataka 605. Kwa hiyo kumulika bamba laini la dhahabu kutoka hewani hakuamshi plazmoni kamwe, hata leza iwe na nguvu namna gani.

Dawa iliyozoeleka ni kuupitisha mwanga kwanza kwenye kioo. Ndani ya kioo chenye kipeo cha kupinda mwanga cha 1.515, wimbi la nanomita 633 hufupika hadi 418. Ukiliinamisha kwa pembe ya nyuzi 43.6, nafasi ya vilele vyake juu ya uso inakuwa 605 barabara. Huu ndio mpango walioutoa Erich Kretschmann na Heinz Raether mwaka 1968: prizimu, juu yake utando mwembamba wa dhahabu, na mwanga unaingia kupitia prizimu. Mwaka huo huo Andreas Otto alitoa mpango mwingine, wa kuacha mwanya mdogo wa hewa kati ya prizimu na metali. Njia nyingine ni kuchonga mistari juu ya metali. Mistari yenye nafasi ya nanomita 605 huiamsha plazmoni hiyo kwa leza inayopiga wima. Robert Wood aliona mikanda ya giza isiyoelezeka kwenye mistari ya namna hiyo mwaka 1902, na nadharia ya mawimbi haya ya uso ikaja kuandikwa na Rufus Ritchie mwaka 1957.

Ukifanya jaribio la prizimu, unapima mwanga unaorudi huku ukibadilisha pembe. Grafu hupanda hadi pembe ambako mwanga wote unarudi (nyuzi 41.3 kwa kioo na hewa), kisha kidogo mbele yake inatumbukia kwenye bonde jembamba na kupanda tena. Bonde hilo ndilo plazmoni: mwanga haukurudi kwa sababu umeishia kwenye dhahabu.

Kina cha bonde kinategemea unene wa utando kuliko watu wanavyodhani. Kwa nanomita 633, unene wa karibu nanomita 50 unalishusha bonde hadi karibu na sifuri. Ukipunguza hadi 30, bonde linapanuka na kuwa la juujuu. Ukiongeza hadi 70, linabaki jembamba lakini halizami. Sababu ni kwamba bonde hutokana na mawimbi mawili yanayofutana: mwanga uliorudi moja kwa moja, na mwanga ambao plazmoni inauvujisha kurudi kwenye prizimu. Ni lazima yalingane nguvu ndipo yafutane. Na usishuke chini ya nanomita 10 hivi, maana dhahabu juu ya kioo hapo haijawa utando bali visiwa vilivyotawanyika.

Dhahabu haishiki vizuri kwenye kioo, hivyo hutangulizwa tabaka la kromi au titani. Liwe nanomita 2 hivi. Metali hizo hunyonya mwanga vibaya, na tabaka likifika 5 au zaidi bonde linapanuka waziwazi.

Kama bonde halionekani kabisa, anza kuangalia polaraiza, yaani kichujio kinachochagua uelekeo wa uga wa umeme wa mwanga. Uga wa umeme lazima uwe na sehemu inayosimama wima juu ya uso, kwa sababu ni hiyo inayorundika chaji usoni. Uga ukilala sambamba na uso, plazmoni haiamki. Kosa hilo linaweza kugeuzwa kuwa msaada: pima mara mbili, kwa polaraiza sahihi na kwa iliyogeuzwa nyuzi 90, kisha gawanya. Dosari za leza na za kipokea mwanga zitafutika.

Kosa la pili ni la hesabu ya pembe. Pembe ya nyuzi 43.6 ni ya ndani ya kioo. Kwa prizimu yenye pembe za 45, 45 na 90, mwale unaopiga uso wa kuingilia kwa nyuzi 2.1 hupindishwa na kubaki na 1.4 ndani, na ndio unaofika kwenye dhahabu kwa 43.6. Asiyefanya masahihisho haya hupata bonde mahali pasipopatana na nadharia, kisha huilaumu dhahabu. Nusu silinda ya kioo huondoa tatizo hili, kwa kuwa mwale unaolenga kitovu hauipindi njia yake. Na kumbuka kujaza mafuta yenye kipeo cha 1.515 kati ya prizimu na slaidi, yaani kipande cha kioo kinachobeba utando wa dhahabu. Kiputo kimoja cha hewa kinatosha kuzuia mwanga kufika.

Weka maji badala ya hewa, na pembe inaruka hadi nyuzi 72 hivi. Hapo prizimu ya nyuzi 60 inafaa kuliko ya 45. Mruko huo ndio msingi wa vihisi vya kibiolojia. Kipeo cha maji kikipanda kwa 0.001 tu, bonde linasogea karibu nyuzi 0.16, na kwa kuwa uga unaenea nanomita 180 hivi ndani ya maji, kihisi kinaona kilicho jirani na dhahabu na kukipuuza kilicho mbali. Protini zikinasa kwenye kingamwili zilizogandishwa juu ya dhahabu, bonde linasogea papo hapo, bila kuzipaka rangi. Bo Liedberg, Claes Nylander na Ingemar Lundström wa Linköping, Sweden, walionyesha matumizi hayo mwaka 1983. Ila uangalifu unahitajika: badiliko la joto la nyuzi 1 ya Selsiasi hugeuza kipeo cha maji kwa takriban 0.0001, na chumvi ikizidi kidogo kwenye sampuli bonde husogea ingawa hakuna kilichonasa. Bila mfereji wa pili usio na kingamwili, wa kulinganishia, matokeo hayana thamani.

Plazmoni haihitaji uso mpana. Chembe ya dhahabu ya nanomita 20 ni ndogo mno kuliko wimbi, hivyo haina haja ya prizimu. Elektroni zake zote huyumba pamoja, na ndani ya maji hunyonya zaidi mwanga wa karibu nanomita 520. Mchanganyiko wake ni mwekundu, na mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya ujauzito ni chembe hizo. Ukitia chumvi, chembe zinakaribiana na rangi inageuka zambarau au buluu, kwa sababu mitetemo ya jirani na jirani imeanza kuathiriana.

Katika mwanya huo wa kati ya chembe mbili, au kati ya chembe na bamba la dhahabu, ndipo mwanga na maada vinapokutana kwa nguvu. Edward Purcell alionyesha mwaka 1946 kwamba kasi ya atomi kutoa nishati inategemea mazingira yake: inapanda kadiri mtego wa mwanga unavyoutunza kwa muda mrefu, na kadiri ujazo wake unavyokuwa mdogo. Plazmoni ni mbovu katika la kwanza, maana hudumu kwa femtosekunde 10 hivi (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde). Katika la pili haina mshindani wa karibu. Lakini molekuli inayotoa mwanga ikisogea chini ya nanomita 5 hivi kutoka kwenye chembe moja ya dhahabu, nishati yake huishia kwenye metali kama joto badala ya kutoka nje. Kwa hiyo huwekwa tabaka la kutenganisha, na unene wake ndio kipimo nyeti kuliko vyote katika kifaa kizima.

Mwanya ukiwa mwembamba zaidi, hali inabadilika tena. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waliweka molekuli za rangi ya buluu ya methilini kwenye mwanya wa chini ya nanomita 1 kati ya chembe ya dhahabu na bamba la dhahabu. Nishati ikawa inapokezana kati ya molekuli na plazmoni kwa haraka kuliko inavyopotea, na kilele kimoja cha spektra, yaani grafu ya nguvu ya mwanga kwa kila rangi, kikawa viwili, kwenye joto la kawaida la chumba. Vilele viwili peke yake, hata hivyo, havithibitishi jambo hilo. Molekuli inayonyonya tu inaweza kuchimba shimo katikati ya kilele kipana kikaonekana kimegawanyika. Thibitisho ni kubadilisha ukubwa wa chembe ili plazmoni ipite juu ya rangi ya molekuli hatua kwa hatua: vilele vikikaribiana kisha vikakataa kuvukana, na pengo kati yao likazidi wastani wa upana wao, hapo ndipo mwanga na molekuli vimekuwa kitu kimoja.