Bei ya chini peke yake si dampingi

Wiki iliyopita alikuja tena mwenye kiwanda, safari hii cha vigae. Hata kabla ya kukaa alishaweka risiti mbili mezani. "Wakili, tazama mwenyewe. Wao boksi 800, mimi 1,200. Kama hii si dampingi, ni nini?"

Ni bei ya chini, basi. Nimeshawajibu hivyo watu wa misumari, wa sabuni na wa nondo, na bado wanakuja na risiti zile zile mbili. Dampingi, yaani kuuza nje kwa bei ya chini kuliko ya kwao, haipimwi kwa kuweka bei ya mgeni kando ya bei yako. Bei ya mgeni huwekwa kando ya bei yake mwenyewe: anauza kiasi gani kwao, na anatuuzia sisi kiasi gani. Bei zote mbili hurudishwa hadi langoni mwa kiwanda chake, nauli ya meli, bima na kodi zikiwa zimeondolewa. Tuseme kwao boksi ni 500 na mzigo wa kuja kwetu ni 550. Hapo hakuna dampingi, hata kama wewe umeshafunga mashine mbili. Kakushinda kwa umeme nafuu, au kwa ukubwa wa kiwanda. Sasa tuseme kwao ni 700 na kwetu 560. Pengo ni 140, nalo huhesabiwa juu ya bei ya kuuzia nje, kwa hiyo ni asilimia 25. Hiyo ni kesi. Pengo likiwa chini ya asilimia 2, uchunguzi unafungwa. Na kama kwao haziuzwi kabisa, wachunguzi hutumia bei anayouzia nchi ya tatu, au hujumlisha gharama zake na faida ya kiasi.

Hapo umefika nusu ya safari. Bado uthibitishe kwamba umeumia, na kwamba kilichokuumiza ni mzigo huo. Kama wateja walikukimbia kwa sababu vigae vyako vinapasuka njiani, vitabu vyako vitasema. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu, tena kwa kurudia: tenganisha hesabu za kila bidhaa, za miaka mitatu, kabla hujaandika barua kwa mtu yeyote. Na badala ya risiti ya duka la mtaani kwako, mtume mtu akanunue bidhaa ile ile kwao kwa jumla, arudi na ankara. Ankara moja ya namna hiyo naithamini kuliko kurasa ishirini za malalamiko.

Wengine hudhani mwenye kiwanda mmoja akilalamika inatosha. Kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO), wanaounga mkono ombi la uchunguzi wafikishe walau asilimia 25 ya uzalishaji wote wa nchi, na wawazidi wanaopinga kwa kiasi cha bidhaa. Zungumza na washindani wako kwanza.

Ukishinda, mzigo huo huwekewa ushuru wa dampingi. Ushuru huu si faini kwa kiwanda cha nje. Anayeulipa forodhani ni mwagizaji, na fedha huingia hazina. Marekani iliwahi kuwagawia wazalishaji wake fedha hizo kwa sheria ya mwaka 2000, WTO ikaikataa, ikafutwa.

Pia msiuchanganye na ule ushuru wa pamoja wa asilimia 35 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza Julai 2022. Huo hutozwa bila kumchunguza mtu.

Kuhusu muda: ni miaka mitano, kisha mapitio. Unaweza kurefushwa, kama ule wa Afrika Kusini kwa kuku wenye mifupa kutoka Marekani, uliowekwa mwaka 2000 na kuongezwa mapitio baada ya mapitio. Lakini hata ukishinda kila kitu, waziri anaweza kuupima dhidi ya sufuria za wananchi. Afrika Kusini hiyo hiyo ilikamilisha uchunguzi wa kuku wa Brazili, Denmark, Ireland, Poland na Uhispania, na Agosti 2022 Waziri Ebrahim Patel akausimamisha ushuru kwa miezi 12 kwa sababu ya bei za vyakula. Wafugaji walisubiri hadi Agosti 2023.

Yule wa vigae nimempa orodha ya hesabu za kuleta. Sheria tunayo, Tanzania tangu 2004 na Kenya ile ya 2017. Namsubiri na vitabu vyake.