Je, wajua kwa nini Ibrahimu alikataa kaburi la bure?

Sara alifariki huko Hebroni akiwa na miaka 127, na Ibrahimu hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia. Mungu alikwisha kumwahidi nchi yote, lakini wenyeji walikuwa Wahiti, wazawa wa Hethi. Akawaendea. Mwanzo 23 inasimulia kwamba alijitambulisha kuwa mgeni na msafiri kati yao, nao wakamjibu kwa heshima: wewe ni mtu mkuu, chagua kaburi lolote miongoni mwa yetu.

Mtu mwingine angeshukuru, akazika, akaondoka. Ibrahimu aliinama mbele yao, akaomba auziwe pango la Makpela kwa bei kamili. Mwenye pango, Efroni Mhiti, akamwambia achukue bure, pamoja na shamba lake. Ibrahimu akainama tena na kusisitiza kulipa. Ndipo Efroni akaitaja bei kana kwamba ni jambo dogo: shekeli 400 za fedha, ni nini kati yetu? Zilikuwa nyingi mno. Vizazi vingi baadaye, nabii Yeremia alinunua shamba kwa shekeli 17. Lakini Ibrahimu hakuomba apunguziwe.

Naona jibu liko pale walipokutana: langoni pa mji, ambapo zamani ndipo palipokuwa baraza na mahakama. Kitu cha kupewa, wajukuu wa mtoaji wanaweza kukidai kesho. Kilicholipiwa mbele ya mashahidi, kwa fedha iliyopimwa kwa kipimo cha wafanyabiashara, hakina mdai. Hata miti ya shambani ilitajwa katika mapatano. Mgeni huyu alifuata desturi ya wenyeji hatua kwa hatua, tena akiwa msibani. Isaka, Rebeka, Lea na Yakobo wakaja kuzikwa humo humo.

(Kama Wahiti hawa ni ndugu wa wale wa dola ya Hattusa, katika Uturuki ya leo, wataalamu bado wanajadili, kwa kuwa jina kama Efroni ni la Kisemiti, jamii ya lugha kama Kiebrania, ambayo si ya lugha ya dola hiyo.)

Vizazi vingi baadaye, Uria Mhiti alikuwa mmoja wa mashujaa wa Daudi. Alikataa kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako vitani. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mkewe, Bathsheba, kisha akapanga auawe vitani. Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu, hamtaji Bathsheba kwa jina. Anasema Sulemani alizaliwa na mke wa Uria.