Kufunga uzazi kwa mwanamume si kuhasiwa

Kwenye baraza za kahawa za Wete na Chake Chake, likitajwa suala la mwanamume kufunga uzazi, neno la mwanzo huwa moja: "Huyo keshahasiwa." Imani hiyo ni kongwe, lakini haina ukweli.

Korodani ina kazi mbili, na kila kazi ina seli zake. Ndani yake mna vijirija vilivyojisokota, humo ndimo zinamotengenezwa mbegu. Baina ya vijirija hivyo, karibu na mishipa midogo ya damu, zimekaa seli nyengine kabisa: seli za Leydig, zilizopewa jina la Mjerumani Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850. Hizi ndizo zinazotengeneza testosteroni, homoni ya ndevu, sauti nzito, misuli na hamu. Huimwaga moja kwa moja kwenye damu. Haipiti kwenye mrija wa mbegu, ule unaozitoa mbegu kwenye korodani.

Na mrija huo ndio pekee anaoukata daktari. Ng'ombe anapohasiwa, korodani zenyewe huondolewa, au hukatiwa damu zikafa, na seli za Leydig zikapotea nazo. Wapi na wapi!

Hata manii hayaonekani kupungua, maana sehemu kubwa hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume. La kuangalia ni jengine: mbegu zilizobaki njiani huchukua kama miezi 3 kwisha, kwa hivyo kinga nyengine itumike mpaka kipimo kithibitishe. Ukimwi nao haukingwi kwa njia hii.