Tanganyika haikuwa koloni la Mwingereza: koloni, himaya na udhamini

Kila Desemba, Tanzania Bara ikiadhimisha uhuru tarehe 9 na Kenya tarehe 12, sentensi ileile hurudi redioni na mitandaoni: Kenya na Tanganyika zilikuwa makoloni mawili ya Mwingereza yaliyopata uhuru kwa kupishana miaka miwili. Nusu yake ni kweli. Kenya ilikuwa koloni. Tanganyika ilikuwa chini ya Mjerumani, na Mwingereza alipoichukua aliishika kama nchi ya udhamini. Na hata Kenya yenyewe, si yote iliyokuwa koloni.

Maana zenyewe ni fupi. Koloni ni nchi ambayo mtawala ameitwaa na kuifanya sehemu ya milki yake. Himaya, au nchi lindwa, ni nchi ambayo mamlaka yake kisheria yamebaki kwa mwenyeji, awe sultani au chifu, huku mgeni akiendesha serikali kwa jina la kumlinda. Nchi ya udhamini ni ile iliyokabidhiwa mtawala na chombo cha kimataifa, aiendeshe kwa masharti, atoe taarifa, na siku moja aiachie. Anayeshika mali ya yatima huweza kukaa ndani ya nyumba na kukusanya kodi, lakini nyumba haiandikwi jina lake, na ndugu wa marehemu wana haki ya kuja kuuliza hesabu.

Twende kwenye tarehe, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mwingereza alitangaza himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1895, akiipokea kutoka kwa kampuni yake ya biashara iliyokuwa imeshindwa kuiendesha. Kwa miaka 25 nchi tunayoiita Kenya ilikuwa himaya. Mwaka 1920 sehemu kubwa ya bara ikatwaliwa rasmi na kuitwa Koloni la Kenya. Kulikuwa na sababu za fedha, kwani koloni lilikopesheka kirahisi zaidi katika soko la London, na kulikuwa na shinikizo la walowezi. Kwa Mwafrika matokeo yalikuja haraka. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba, kwa sheria zilizokuwepo na kwa kule kutwaliwa kwa nchi, wenyeji walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Shamba la babu likawa la Mfalme wa Uingereza. Mlowezi naye, chini ya sheria ya 1915, aliweza kukodishiwa ardhi kwa miaka 999.

Pwani ilibaki nje ya koloni. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini, pamoja na Mombasa, Malindi na Lamu, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza aliuendesha kwa mkataba wa 1895 akimlipa Sultani kila mwaka. Kwa hiyo jina kamili la nchi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Ilibidi Oktoba 1963, wiki chache kabla ya uhuru, yafanyike makubaliano ya kumaliza mamlaka ya Sultani katika ukanda huo. Serikali ya Kenya iliahidi kulinda mahakama za kadhi, ndiyo maana hadi leo zimo katika katiba ya 2010. Anayeshangaa kwa nini katiba ya nchi isiyo na dini ya taifa inataja kadhi, asome makubaliano hayo kwanza. Na anayeuliza kwa nini Tanga na Bagamoyo hazikuwahi kuwa na swali kama la Mombasa, jibu ni la 1890: Mjerumani aliinunua pwani yake kutoka kwa Sultani kwa marki milioni nne.

Sasa Tanganyika. Mjerumani aliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza alinyang'anywa nchi zake zote za ng'ambo kwa Mkataba wa Versailles wa 1919. Washindi hawakuruhusiwa kuzigawana kama ngawira. Ziliwekwa chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, nalo likazikabidhi kwa wasimamizi: Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, Kamerun na Togo zikagawanywa kati ya Mwingereza na Mfaransa. Kila mwaka Mwingereza alipeleka Geneva, makao ya Shirikisho hilo, taarifa ya utawala wake. Baada ya vita ya pili, Desemba 1946, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mkataba mpya, na Tanganyika ikaingia chini ya Baraza la Udhamini.

Hata uraia ulitofautiana. Aliyezaliwa Nairobi chini ya koloni alihesabiwa raia wa Mfalme wa Uingereza. Aliyezaliwa Moshi, na vilevile aliyezaliwa ndani ya ule ukanda wa Sultani, alihesabiwa mtu aliye chini ya ulinzi wake tu.

Wapo wanaosema hii ni tofauti ya makaratasi, na hoja yao naiheshimu, kwa sababu aliyelipa kodi ya kichwa Dodoma na aliyelipa kodi ya kibanda Kisumu hawakuona tofauti ya mkono uliopokea. Udhamini haukuwa huruma. Tanganyika nayo ilikuwa na walowezi, ilikuwa na kazi za kulazimishwa, ilikuwa na viboko. Lakini makaratasi hayo yaliamua jambo moja zito: mtu akionewa, anakwenda kushtaki wapi?

Chukua mwaka 1951. Chama cha KAU kilimtuma Mbiyu Koinange na Achieng Oneko London kudai ardhi ya Waafrika wa Kenya. Kisheria hapakuwa na mlango mwingine. Kuhusu makoloni, Hati ya Umoja wa Mataifa ilimtaka mtawala apeleke taarifa za takwimu na za kitaalamu tu, na haikumpa mwenyeji wa koloni haki ya kwenda kulalamika. Mwaka huohuo Wameru walifukuzwa Ngare Nanyuki, kaskazini mwa Arusha, ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini na kumshtaki Mwingereza mbele ya mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Ila kijana wa kutoka Meru alikuwa amesikilizwa, na hiyo ilikuwa haki yake, kwani mkataba wa udhamini ulimruhusu, na Mwingereza alilazimika kukaa na kujibu. Oktoba mwaka huohuo Kenya ikawekwa chini ya hali ya hatari.

Mlango huo ndio alioupitia Julius Nyerere tarehe 7 Machi 1955, miezi minane baada ya TANU kuzaliwa. Baraza la Udhamini lilikuwa likituma ujumbe wake nchini kila baada ya miaka mitatu, na ujumbe wa 1954 ulikuwa umependekeza Tanganyika ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25. Mwingereza alikataa kupangiwa tarehe. Nyerere alikwenda kuunga mkono wazo la kupanga tarehe, na kutaka itamkwe wazi kwamba nchi itakuwa ya Waafrika walio wengi. Haikufika hata miaka saba, Desemba 1961, nchi ikawa huru. Siwezi kusema udhamini peke yake ndio uliouleta uhuru huo. Walowezi walikuwa wachache kuliko Kenya, TANU ilikuwa imeenea hadi vijijini, na uchaguzi wa 1960 uliipa viti 70 kati ya 71. Udhamini ulimpa mwanasiasa wa Tanganyika jukwaa la halali ambalo mwenzake wa Kenya hakuwa nalo, na ulimnyima mlowezi matumaini ya kuifanya nchi iwe yake milele. Walowezi wa Kenya walipotaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini yao katika miaka ya 1920, masharti ya Geneva yalikuwa moja ya vikwazo, na gavana Donald Cameron wa Dar es Salaam aliupinga mpango huo waziwazi.

Baada ya uhuru njia zilifanana kwa muda. Kila nchi ilikaa mwaka mmoja kamili na Malkia kama mkuu wa dola, kisha ikawa jamhuri: Tanganyika 1962, Kenya 1964. Zote zilipita chama kimoja na kurudi vyama vingi, Kenya mwishoni mwa 1991, Tanzania 1992. Leo Kenya ina Seneti, kaunti 47 na mawaziri wasiokuwa wabunge. Tanzania ina Waziri Mkuu anayetoka bungeni, na mawaziri wake ni wabunge.

Lakini ukitaka kuona udhamini na ukoloni vilivyoacha alama tofauti, tazama ardhi. Sheria ya Tanganyika ya 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Gavana, kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Uhuru ulipokuja gavana akaondoka na Rais akashika nafasi hiyo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema Rais anashika ardhi yote kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kenya ilirithi hatimiliki za watu binafsi na mikataba ya miaka 999, na ilibidi katiba ya 2010 imwekee asiye raia kikomo cha miaka 99.

Basi tukiandika, na hasa tukiwafundisha watoto, tuseme Kenya ilikuwa koloni, na pwani yake himaya, chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar. Zanzibar yenyewe ilikuwa himaya pia, tangu 1890. Na Tanganyika tuiite nchi ya udhamini chini ya utawala wa Mwingereza. "Wakati wa ukoloni" tuendelee kusema, kwa kuwa neno hilo linaeleza namna watu walivyotawaliwa, na walitawaliwa kweli, pande zote mbili za mpaka.